Heshima au hila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gemu za koo za kifalme

Kila Jumamosi mchana tunakutana Soweto, Moshi, sebuleni kwa mwenzetu, tunawasha kompyuta na kucheza gemu za wafalme wa zama za kati. Kila mgeni anakuja na maswali yaleyale, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nishike neno langu, au nitumie sumu na hila? Majibu haya ni ya kwangu. Kuna wenzangu wanaoyabishia, na penye ubishi nimesema.

Mnazungumzia gemu zipi?

Hasa Crusader Kings III, iliyotengenezwa na Paradox Development Studio ya Stockholm na kutoka Septemba 2020. Humo huongozi nchi, unaongoza mtu. Anaweza kuwa mfalme, sultani au bwana mdogo mwenye wilaya moja ya mawe na kondoo. Ana tabia zake, ana mke, ana wadogo zake wenye husuda. Akifa unaendelea kama mrithi wake, mpaka mwaka 1453 au mpaka ukoo ukose wa kurithi.

Wenye mashine za zamani wanacheza Medieval II: Total War ya mwaka 2006. Nayo imo kwenye maswali haya, kwa sababu kila jemadari ana kipimo chake cha uungwana au cha kutisha, na kipimo hicho kinapanda na kushuka kwa matendo yake.

Kucheza kwa heshima maana yake nini?

Ni kuwa na mipaka usiyoivuka hata pale gemu inapokuruhusu. Humfungi mtu asiye na kosa. Huui mtoto. Ukiweka mapatano, unasubiri yaishe. Mateka ukishapokea fidia yake anakwenda kwao salama.

Wengi wanadhani huko ni kucheza kipole. Si kweli. Mchezaji mwenye heshima anaweza kumnyang'anya jirani nusu ya nchi, lakini anakwenda na madai halali mkononi na anatangaza vita mchana kweupe. Mkatili humwona kila mtu kwenye ramani kuwa ngazi au kizuizi, hata kama ni binti yake wa kumzaa.

Si gemu tu? Hakuna anayekufa kweli.

Hakuna anayekufa, ndiyo. Ila nimeona wachezaji wanaojua kila hila wakiichoka gemu haraka, kwa sababu kwao wafalme wote ni mtu mmoja aliyebadilishwa jina. Anaua kaka, anafunga mjomba, anapora kanisa, anakufa, anayefuata anarudia. Ukijiwekea mipaka, kila mtawala anakuwa na tatizo lake, na unalazimika kufikiri. Raha ya gemu hizi iko hapo.

Anayecheza kwa heshima si atashindwa tu?

Hashindwi. Anachelewa mwanzoni, na hilo lisemwe wazi. Mkatili hodari anaweza kufika kwenye taji la ufalme ndani ya maisha ya mtu mmoja, wakati mwenye heshima anahitaji baba, mwana, na pengine mjukuu. Ukihesabu ardhi ya miaka thelathini ya kwanza, mkatili yuko mbele.

Lakini gemu hizi hazipimwi kwa miaka thelathini. Siku ngumu kuliko zote ni siku mtawala wako anapofariki. Mrithi anakaa kwenye kiti akiwa hajulikani, pengine ni mtoto, hazina imeliwa na vita vya mzee, na wakuu wote walio chini yake (tunawaita vasali, wale waliokula kiapo kwako) wanajiuliza kama kiapo kile bado kina uzito. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha umecheza vipi. Mwenye heshima anamwachia mwanawe vasali waliolipwa haki zao, walioozeshwa vizuri, waliopewa viti barazani, na sehemu ya mapenzi waliyokuwa nayo kwa marehemu inamfuata mrithi. Sehemu ya chuki pia inafuata, na hapo mkatili anaacha deni ambalo hatalilipa yeye.

Kuna wanaobisha: mkatili mwenye akili huwamaliza wapinzani wote kabla ya kufa, mwana akute njia nyeupe. Inawezekana, nimeiona ikifanyika. Inahitaji mfalme ajue atakufa lini, na gemu haikwambii.

Hofu inafanyaje kazi? Kwa nini isinitoshe?

Kwenye Crusader Kings III hofu ni kipimo cha 0 hadi 100. Unaijaza kwa kunyonga mateka, kutesa na mambo ya aina hiyo. Vasali anayekuogopa hajiungi na kundi la waasi hata kama anakuchukia hadi kwenye mifupa. Ni silaha kweli, na kwa mtawala aliyezungukwa na wasaliti ni silaha nzuri.

Ina matatizo matatu. Kwanza, inayeyuka yenyewe kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo inataka kulishwa: utatafuta watu wa kunyonga hata pale ambapo hakuna kosa. Pili, haiwagusi wote sawasawa. Kila mtu ana kiwango chake cha ujasiri, na wale majasiri, ambao ndio hasa wangekuangusha, wanahitaji hofu kubwa zaidi kabla hawajatikisika. Unaishia kuwatisha waoga ambao wasingekusumbua. Tatu, hofu hairithiwi.

Hilo la tatu lilitupata mezani. Mwenzetu wa Kiboriloni alikuwa na mfalme wa Poland aliyeogopwa na kila mtu. Miaka mingi hakuna aliyenyanyua kichwa. Mfalme akafa kitandani, mrithi ana miaka sita. Tulisogea wote kwenye kioo chake. Orodha ya vasali ilikuwa imejaa alama ya woga kando ya kila jina, na alama zile zote zikawa zimefutika, kwa sababu mtoto yule hajamnyonga mtu. Wiki chache za gemu baadaye likaja kundi la kudai uhuru, likaja la kumtaka mjomba wake, na la pili lilikuwa na askari wengi kuliko taji lenyewe. Mtoto alikuwa na dhahabu kidogo na hana mshirika hata mmoja, maana baba yake hakuona haja ya kuozesha mabinti. Akapoteza ufalme kabla hajabalehe.

Mtawala wangu ni katili kwa tabia. Nimlazimishe awe mwema?

Usimlazimishe. Hapa wageni wengi wanashangaa, kwa sababu gemu yenyewe inaadhibu unafiki.

Kila mtu ana tabia zake, na akitenda kinyume nazo anapata stresi. Mwenye huruma akinyonga mateka, stresi inapanda. Mkweli akila njama, inapanda. Mchoyo akitoa zawadi ya dhahabu, inapanda. Mwenye kisasi akisamehe, inapanda vilevile. Kila pointi 100 ni ngazi mpya, na kila ngazi inaleta siku ya kuvunjika: mtu anaingia kwenye ulevi, anajifungia peke yake, anaanza kujichapa viboko. Ikizidi sana inamuua.

Kwa hiyo ukirithi mtu mwenye roho ya kikatili, mcheze alivyo, lakini mchagulie mahali pa kuutumia ukatili wake. Waasi waliokamatwa wakiwa na silaha ni halali yake kisheria. Akiwanyonga hao haitwi dhalimu. Wafungwa wasio na kosa awaache. Wakati huohuo mlee mrithi kwa mikono mingine. Mlezi wa mtoto huathiri tabia atakazokua nazo, kwa hiyo mpe mlezi mwadilifu, hata kama ni shangazi aliyesahaulika kwenye ngome ya mbali. Kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote kwenye gemu hii: baba anayetisha anayelea mwana atakayependwa.

Wadogo zake mrithi wanagawana ufalme wangu. Niwaue?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na mtu wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa tatizo. Ni kihamba, shamba la ukoo. Babu alikuwa na kihamba kikubwa, akagawia wanawe, nao wakagawia wao, leo mjukuu ana migomba michache na mpaka wa masale kila upande. Sheria za urithi za mwanzo wa gemu zinafanya vivyo hivyo kwa falme: kila mtoto wa kiume anapata chake, na kama una ardhi ya kutosha mfalme mmoja anazaa wafalme watatu.

Ilitokea kweli. Fernando wa Kwanza wa León na Castile alifariki Desemba 1065 akiwa amewagawia wanawe: Castile kwa Sancho, León kwa Alfonso, Galicia kwa García. Ukianza gemu mwaka 1066 unawakuta wote watatu wanatazamana. Katika historia Sancho aliwafukuza wadogo zake wote wawili, kisha akauawa mbele ya kuta za Zamora mwaka 1072. Alfonso akarudi akachukua vyote. García alipokuja kuzungumza naye mwaka 1073, alimtia kifungoni, na García akafia humo mwaka 1090. Alfonso akawa mfalme mkubwa, na mwaka 1085 aliichukua Toledo.

Nautaja mfano huu ingawa unanipinga, kwa kuwa ukatili wa Alfonso ulimlipa. Lakini tazama alichofanya na asichofanya. Alimfunga ndugu yake, na hakuna aliyeweza kumthibitishia kwamba alimuua yule mwingine. Kwenye gemu ni vivyo hivyo: ukijulikana umemuua ndugu wa damu yako unabeba jina la muua ndugu, na karibu kila mtu, kuanzia mkeo hadi askofu wako, anakuona tofauti. Hilo jina halifutiki kwa vita viwili vya ushindi.

Njia za heshima zipo, ila zinataka subira. Panda ngazi za sheria ya urithi kadiri utamaduni wako unavyokuruhusu, mpaka mzaliwa wa kwanza apate vyote. Hakikisha cheo cha juu ni kimoja tu, maana ndugu wawili wakipata mataji mawili yaliyo sawa hakuna aliye chini ya mwenzake, lakini wakipata vyeo vya chini ya taji moja wanabaki vasali wa kaka yao. Watoto wa ziada, kama dini yako inaruhusu, wanaweza kuingia utawa. Kumnyima mtoto urithi pia kunawezekana, na kunakula sifa ya ukoo wote. Mimi huwa nawaachia wadogo sehemu zao, kisha kaka mkubwa anazirudisha kwa vita vya madai, mchana kweupe, na mdogo aliyeshindwa anabaki hai na bwana mdogo mahali fulani. Mara nyingi watoto wa huyo ndio wanaokuja kuuokoa ukoo mstari mkubwa unapokatika.

Mateka nifanye nao nini?

Fidia, isipokuwa una sababu kubwa. Dhahabu ya fidia ya mtu mmoja mzito inaweza kulipa vita nzima. Uingereza ilitozwa marki 150,000 kumkomboa Richard wa Kwanza, aliyekamatwa mwishoni mwa 1192 akirudi kutoka vitani na kuachiwa mwaka 1194.

Ila usidhani wema kwa mateka hauna gharama. Sultani Salahuddin alipowashinda Wanamsalaba huko Hattin Julai 1187, alimuua Raynald wa Châtillon kwa mkono wake, kwa sababu yule alivunja mapatano kwa kuvamia misafara, na alimwacha hai mfalme wao, Guy wa Lusignan. Yerusalemu ilipojisalimisha Oktoba mwaka huohuo aliwatoza watu fidia na kuwaacha waondoke, badala ya kuwachinja kama ilivyofanyika mji ulipotekwa mwaka 1099. Dunia inamkumbuka kwa hilo mpaka leo, na anastahili. Lakini askari aliowaachia kwenye miji aliyoitwaa walikusanyika mji wa Tiro, na Tiro ikawa mlango wa vita vya msalaba vilivyofuata. Guy aliachiwa mwaka 1188 kwa kiapo cha kutopigana tena, na mwaka 1189 alikuwa ameuzingira Acre.

Mji huo ulianguka Julai 1191, na Agosti Richard aliamuru mateka wake karibu 2,700 wauawe nje ya kuta, baada ya malipo kuchelewa. Salahuddin naye akaanza kuwaua waliokamatwa upande wake. Richard hakuipata Yerusalemu. Ukiniuliza ni yupi kati ya hao wawili alicheza vizuri, nitasema Salahuddin bila kusita, hata baada ya kuihesabu Tiro.

Kwenye Medieval II mizani ni rahisi kuiona. Baada ya pigano unaulizwa: waachie, uza kwa fidia, au ua. Ukiachia, jemadari anapata uungwana, na askari walio chini yake wanasimama imara zaidi. Ukiua, anapata sifa ya kutisha, na maadui wanaokutana naye wanavunjika moyo upesi. Zote mbili zinashinda vita. Kosa ni kuchanganya, leo unaachia kesho unachinja, kwa sababu kila tendo linafuta la jana na jemadari anabaki mtu wa kawaida asiyesaidia lolote.

Kumbana mtu kwa siri yake ni ukatili?

Ukijua siri ya mtu kwenye Crusader Kings III unapata ndoano juu yake. Nyingine unaitumia mara moja, nyingine unaitumia tena na tena. Mezani tumegawanyika. Dada mmoja wa Rau, mchezaji bora kuliko mimi, anasema ndoano ndiyo silaha ya heshima kuliko zote kwa sababu hakuna damu. Naelewa hoja yake. Mimi natofautisha: siri ya muuaji naitumia bila kusita, siri ya mtu aliyezaa nje ya ndoa naiacha, kwa sababu ikitoka anayeumia ni mtoto.

Na kutunga madai ya uongo juu ya ardhi ya jirani?

Tunaruhusu. Bila hiyo hakuna gemu, na maaskofu wa kweli walikuwa wakighushi hati.

Kuna ubaya gani kuvunja mapatano kama nina nguvu?

Gemu yenyewe itakukata fahari yako na kukuchafulia jina, lakini hesabu hiyo mtu anaweza kuamua kuilipa. Hasara kubwa iko kwa wale watakaokataa kuzungumza nawe baadaye.

Chukua Montereau. Mwaka 1407 Jean, mtawala wa Burgundy, alituma watu kumuua binamu yake Louis wa Orléans kwenye mitaa ya Paris. Ufaransa ikagawanyika kambi mbili. Tarehe 10 Septemba 1419 Jean huyohuyo alikwenda darajani Montereau kuzungumza amani na mrithi wa taji, Charles, na watu wa Charles wakamuua palepale, katikati ya mazungumzo. Kwa hesabu ya kikatili ilikuwa hatua safi: adui mkubwa ameondoka. Lakini mwana wa Jean, Philippe, akaenda moja kwa moja kwa Waingereza, na mwaka 1420 kwa mapatano ya Troyes Charles akanyimwa urithi wa Ufaransa, taji likaahidiwa kwa Henry wa Tano wa Uingereza na uzao wake. Ilichukua mpaka 1435 Burgundy kurudi upande wa Charles. Pigo moja la shoka darajani liligharimu miaka kumi na sita.

Upande wa pili kuna baba wa babu yake huyo Philippe, mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa. Alikamatwa Poitiers mwaka 1356, akaachiwa mwaka 1360 kwa fidia ya sarafu za dhahabu (ecu) milioni tatu, huku mwanawe Louis akibaki mikononi mwa Waingereza kama dhamana. Louis alipotoroka, mfalme alirudi London mwenyewe Januari 1364 na kujikabidhi, akafia huko Aprili. Wengi mezani wanamwita mjinga. Ufalme haukuanguka, mwanawe Charles wa Tano alirudisha sehemu kubwa ya ardhi iliyopotea. Ukoo ulibeba hasara ya mzee kwa sababu kulikuwa na mrithi aliyelelewa vizuri.

Ukarimu si utanifilisi?

Unaweza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Anasimulia fakiri mmoja kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Alipofariki akatawala nduguye Daud, naye akiombwa alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa.

Ndiyo tatizo lenyewe. Ukarimu wa mfalme mmoja unaweza kumwachia mrithi hazina tupu, na mrithi anaonekana bahili hata kama hana kitu. Kwenye gemu toa zawadi kwa vasali wenye nguvu na kwa wale wanaoyumba, kisha acha akiba ya kulipa jeshi angalau vita moja baada ya kifo chako. Siku zote. Bahili anayekufa na hazina iliyojaa, akiwa amewatendea haki watu wake, ni marehemu mzuri sana kwa ukoo.

Mbona Kilimanjaro haimo kwenye ramani? Na pwani yetu?

Upande huu wa Afrika ramani inafika Ethiopia na pembe ya Afrika, haishuki kwetu. Inaniuma, kwa sababu hadithi tunazo. Ukipanda Old Moshi utasimuliwa. Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu, na Rindi alikuwa amewakaribisha Wajerumani. Mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina na kuivunja nguvu ya Kibosho. Mwaka uliofuata, Rindi akiwa ameshafariki, Wajerumani haohao walipigana na mwanawe, Mangi Meli, naye akawashinda. Walirudi 1893 na jeshi kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga. Mgeni anapocheza kama mtawala mdogo na kumwita mfalme mkubwa amsaidie kumkomoa jirani, huwa namkumbusha habari hiyo.

Nikimsaliti mwenzangu mezani, mtanifukuza?

Hapana. Ndani ya gemu unaweza kuvunja muungano, kumlisha sumu mfalme wa mtu, kumwoza binti kwa adui yake. Kila mtu ameomba mwenyewe kucheza na watu. Utaishi na matokeo: watu wanakumbuka, na Jumamosi ijayo utajikuta huna wa kushirikiana naye.

Kuna mambo ambayo si ya gemu, na hayo tukiyaona mtu anaondoka. Kuchungulia kioo cha mwenzako. Kutumia jambo la nyumbani kwake kumshinikiza. Kuahidi kitu nje ya gemu, kwa mfano kumnunulia bando, ili akuachie mkoa, kisha usimnunulie. Mfalme wako akiwa mwongo ni sawa. Wewe usiwe.

Umeme ukikatika upande wa mmoja?

Gemu inasimamishwa, inaseviwa, tunasubiri. Hakuna kumvamia aliye gizani.

Kurudisha sevu ya nyuma mambo yakiharibika?

Ukicheza peke yako fanya utakavyo. Ushauri wangu ni kuwasha Ironman, ambako gemu inajisevu yenyewe na huwezi kurudi. Uamuzi wa heshima hauna uzito kama unaweza kuujaribu, ukaona hasara, ukaufuta.

Mimi ni mtu wa kanisani (au msikitini). Ni dhambi kucheza muuaji?

Swali hili linaulizwa kwa dhati, nami nalichukua kwa dhati. Sina mamlaka ya kulijibu kwa niaba ya mchungaji au shehe wako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mezani kwetu kuna waumini wanaokataa kabisa kula njama za kuua, na hakuna anayewalazimisha wala kuwaona wapungufu. Mmoja wao ana ufalme unaodumu kuliko yote tuliyoona. Ukisikia moyo wako unakataa jambo, usilifanye. Gemu ina njia nyingine.

Mdogo wangu wa kidato cha pili anaweza kuja?

Aje na wewe. Kuna mauaji, uzinzi, na ndoa za ndugu kwa ndugu, na mengi yanaelezwa kwa maandishi marefu. Mtoto asikae nayo peke yake chumbani usiku. Akikaa kati ya wakubwa wanaojadili kwa sauti kwa nini hawamuui mtoto wa adui, atajifunza historia na pengine zaidi.

Nianze na nani?

Murchad wa Munster, Ireland, mwaka 1066, mjukuu wa Brian Boru. Ndiye anayetumika kwenye mafunzo ya gemu yenyewe, na kisiwa kile kimetulia kiasi cha kukupa nafasi ya kukosea. Kabla ya vita yoyote, tafutia watoto wako ndoa zitakazokupa mshirika mwenye askari. Wape vasali wenye nguvu viti vya baraza hata kama kuna mtu hodari zaidi yao. Pigana na mabwana wadogo wa Ireland mmojammoja, wasije wakaungana dhidi yako. Njama ya kuua usiiguse kabisa mpaka umzike mtawala wako wa kwanza na kuona mrithi anapokelewaje. Baada ya hapo amua mwenyewe. Na ukija Soweto njoo na ekstensheni yako, soketi za sebuleni hazitoshi.